Kalamu ya Shefu Omer Yazoea Mkono

Siku ya soko, mbele ya vitunguu na makaa, tangazo lilisomwa kwa megafoni yenye mafua: Ofisi ya Leta, yaani ya Serikali, hapa Kirambo-Juu inawafahamisha raia wote, wazaliwa na wakimbizi, wenye afya na wengineo, kwamba Kalamu imefika. Raia hawaruhusiwi kuiita biki. Raia watakaofika mbele yake wavue kofia. Ni marufuku kupiga chafya karibu na meza wakati Kalamu inafanya kazi. Habari za barabara zitafuata baadaye.

Watu walipiga makofi, kwa sababu kwenye megafoni ile kwa kawaida husomwa mambo mabaya zaidi.

Shefu Omer alisikiliza akiwa dirishani mwa ofisi yake, na akakubaliana na kila neno, maana aliyatunga mwenyewe. Kuyaandika aliyaandika Adrienne, sekretere wake, lakini hiyo ni kazi ya mikono tu.

Tuseme ukweli, Omer hakuwa mtu wa tamaa. Alikuwa na ugonjwa wa herufi mbili basi. Kwenye kila karatasi, baada ya jina lake, ilifuata "a.i.", yaani ad interim, yaani shefu wa kumngojea shefu. Alianza kukikalia kiti kile Adrienne akiwa bado hajaolewa. Sasa kijana wa kwanza wa Adrienne anaota ndevu. Huko Goma, kwa wakubwa wa jimbo, hakuna aliyekumbuka kumthibitisha, wala kumfukuza. Na mtu mwenye a.i., hata akikohoa ofisini, kikohozi chake kinahesabiwa kuwa cha muda.

Ndipo siku moja, kabla ya tangazo lile, akaingia dukani kwa Papa Jacques, mtu wa Butembo aliyefungua biashara Mweso, kutafuta betri za redio. Papa Jacques alimtazama, akaona mteja, akaleta kisanduku cha mbao.

Ndani, juu ya kitambaa laini kama sikio la mbuzi, ililala kalamu ya wino, nyeusi, ncha yake ya dhahabu. Papa Jacques alieleza kwamba huko Ulaya kuna mzee anayezitengeneza kwa mkono, moja moja, na asipoipenda anaivunja na kuanza upya. Kifuniko chake hakikuchomolewa kama cha biki. Kilizungushwa polepole, na mwishoni kikatoa mlio mdogo wa adabu. Omer akaishika. Ilikuwa na uzito wa mkono wa mtoto aliyelala. Akachora mstari kwenye karatasi ya kufungia sukari, na wino ukabaki ukimetameta kabla ya kukauka, kana kwamba nao unajitazama.

"Inateleza hivi juu ya nini?" akauliza, sauti imeshuka.

"Dhahabu iko laini, Shefu. Inajifunza mukono ya mwenyewe. Miezi kidogo tu, inazoea kabisa. Kiisha hapo mutu mwingine akiishika, inamukataa. Usikopeshe mutu. Hata bibi."

"Hata askofu?"

"Hata askofu. Ye anunue yake."

Omer aliiona a.i. ikidondoka yenyewe kama kupe aliyeshiba. Nani angethubutu kumwita wa muda mtu mwenye kitu kama kile mfukoni? Namna kalamu ilivyolipwa ni mambo ya ndani ya Leta. Itoshe kusema kwamba mbuzi waliokuwa wamefungwa nyuma ya ofisi kwa kosa la kula maharagwe ya watu walihamishiwa Mweso kwa sababu za kiutumishi.

Hapa desturi moja ya ofisi ielezwe. Shefu wa kweli hasaini. Kusaini ni kuinama, na shefu akiinama raia wanaona upara. Kwa hiyo tangu zamani karatasi zote zilisainiwa na Adrienne: jina "Omer" lenye mkia mrefu, unaozunguka na kuzunguka tena, kisha unatulia chini kama paka. Kazi ya Omer ilikuwa kuitazama saini na kusema, "Voilà," yaani ndiyo hiyo.

Kalamu ilipofika, desturi haikuguswa. Shefu aliibeba katika mfuko wa shati, juu ya moyo, asubuhi mpaka jioni. Alienda nayo misa, alienda nayo kwenye matanga Bihambwe, alienda nayo chooni. Karatasi ikija, aliichomoa, akazungusha kifuniko, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akamkabidhi Adrienne.

"Lakini Shefu, Papa Jacques alisema mutu mwingine asishike."

"We si mutu mwingine. We uko Leta."

"Na kama inajifunza mukono yangu?"

"Adrienne. Inashinda na mimi siku muzima, weye unaishika kidogo tu. Mutoto anazoea nani, mama yake ao mutu wa kumuvusha barabara? Mimi inanizoea kupitia kifua. Inasikia moyo."

"Voilà," akasema Adrienne, akasaini.

Hakubisha tena. Kwa kweli alikuwa ameanza kufika kazini mapema, jambo lisilojulikana katika utumishi. Karatasi zikiwa chache, aliwashauri raia wachukue na nakala. Mwanzoni ncha ilikuwa ngumu na ilimkwaruza. Mvua za kupanda maharagwe zilipokwisha ilikuwa inakwenda kama mawese ya moto, na ule mkia wa jina ukapata kiuno.

Mama Byukusenge, mkulima wa maharagwe ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa kufuli, alikuja kutafuta ruhusa ya kupitisha mifuko yake. Alivua kitambaa cha kichwa kwa heshima kubwa mno.

"Hii njo biki ya harusi?"

"Si biki, Mama," akasema Omer.

"Pole. Sasa bwana yake njo nani? Shefu, weye naona unaibeba tu. Kwa dada huyu njo naona inacheka."

Omer aliandika kosa hilo kichwani mwake, kwa kuwa kalamu ilikuwa kwa Adrienne.

Halafu Goma ikakumbuka. Mama Claudette, inspekta wa utawala, alipanda kwa pikipiki ya kukodi, matope mpaka magotini, kuja kuamua jambo moja: Omer athibitishwe, au avuliwe kiti na kurudi kwa wakwe zake Hombo, ambao kila Krismasi walimuuliza kwa upole kama bado anangoja.

Turubai lilifungwa. Kwaya ya parokia ililetwa. Raia walisimama bila kofia kwenye manyunyu, kama sheria inavyotaka. Meza ilifunikwa kitambaa cheupe, na Mama Claudette akaweka juu yake dosye nene, faili la karatasi zilizosainiwa Kirambo-Juu.

"Jambo iko rahisi, Shefu. Utasaini mbele yangu, nalinganisha na hizi za dosye. Zikifanana naondoa ile a.i., tunakula."

Omer akachomoa kalamu. Akazungusha kifuniko, na ule mlio ukasikika mpaka kwa wanakwaya. Akainama. Raia waliona upara.

Kalamu ilikwaruza. Akasukuma, ikatoboa karatasi. Akasukuma tena, ikatema wino kwenye shati lake jeupe, hapo hapo penye moyo. Jina likatoka kama kuku aliyevuka barabara na kujuta katikati.

"Imechoka safari," akasema Omer.

"Safari gani?" akadakia Mama Byukusenge kutoka kwenye manyunyu. "Iko hapa tangu mwaka jana."

"Basi inaogopa wageni."

Mama Claudette aliweka karatasi ile kando ya zile za dosye, akazitazama kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kula. "Hizi zote ziko na mukia. Yako iko na kidonda. Nani njo anasaini hapa?"

Omer alihisi kiti kinaondoka chini yake, ingawa alikuwa amesimama. Akafikiri upesi, kama kiongozi. Kosa halikuwa lake. Kalamu ndiyo imekosa nidhamu. Na kama kalamu ni nzima, basi ionyeshwe mbele ya watu kwamba ni nzima, na mambo mengine yatajipanga.

"Adrienne, kuja uishike. Mama Inspekta aone kama haina ugonjwa."

"Shefu, uko na hakika?" akanong'ona Adrienne.

"Ni amri."

Adrienne akaketi. Hakuipuliza. Aliigusisha tu karatasini, na kalamu ikaenda yenyewe, bila kusukumwa, kama ng'ombe anayejua njia ya kisima: lile duara la kwanza, herufi nyingine zikifuatana, kisha mkia, ukazunguka, ukazunguka tena, ukatulia chini. Wino ukametameta. Watu wa nyuma walisogea kuona. Kilikuwa kitu kizuri, tusidanganyane.

Mama Claudette alilinganisha saini moja, akalinganisha nyingine, akafunga dosye.

"Njo yeye kabisa. Leta haijui sura ya mutu, Leta inajua saini. Omer amepatikana, na kuanzia leo Omer anathibitishwa. A.i. imekwisha."

Makofi yalipigwa, kwaya ikaanza. Omer naye alipiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote, mpaka alipoona mkono wa Mama Claudette unampita na kumfikia Adrienne.

"Pongezi, Shefu Omer."

"Asante sana, Mama," akajibu Adrienne, ambaye hakufundishwa kubishana na inspekta.

"Lakini Omer njo mimi," akasema Omer.

Mama Claudette alimgeukia kwa huruma. "Papa, Omer anajua kuandika jina lake."

Asubuhi ya siku ya soko iliyofuata, mzee aliyekuwa shefu alionekana kwenye foleni nyuma ya Mama Byukusenge, akitafuta ruhusa ya kusafiri mpaka Hombo. Foleni haikuwa fupi. Tangu uthibitisho, raia walikuwa wanaleta hata karatasi zisizohitaji saini.

"Usisikitike, Papa," Mama Byukusenge alimwambia. "Mimi hapa walikuwa wananirudisha mupaka maharagwe inaota ndani ya mifuko. Mutu anazoea."

Zamu yake ikafika. Ndani ya ofisi, Shefu alikuwa ameshazungusha kifuniko.

"Jina?"

"Adrienne, unanijua."

"Jina, Papa. Watu wako nangoja."

Kwanza alitazama dirisha lililokuwa lake. Kisha akasema, polepole, "Omer."

Kalamu ilibaki hewani, juu kidogo ya karatasi, bila kuigusa.

"Hiyo jina iko tayari na mwenyewe," akasema Shefu Omer. "Utarudia kesho, na uje na ingine."