Broche ya Mama Kahambu

Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Mashine ya kuchonga mbao imeanza kulia. Ni ile inayoongozwa na kompyuta, aliyoileta Mama Kahambu, mwenye karakana yetu, kutoka Butembo kwa lori. Hapa Mpofi hakuna nyingine. Ugonjwa uko kwenye broche, ile sehemu inayoshika kisu na kukizungusha kwa kasi. Kisu kinatetemeka. Malaika tunayemchonga kwenye mlango wa kanisa jipya ametoka na mashavu yenye mistari kama shamba lililolimwa jana. Mlango unabarikiwa Jumapili.

Mama Kahambu ametangaza: atakayeiponya broche ndiye atakuwa chef d'atelier, mkuu wa karakana. Falone, mwenzangu aliyesomea ufundi Goma na asiyechoka kutukumbusha, akasema lazima tupime kwanza. Mimi nikasema palepale kwamba roulement zimekufa, zile pete zenye gololi zinazobeba broche. Sikuwa hata nimeitazama. Lakini anayesema wa kwanza husikika kama anayejua.

Jumanne, tarehe 3

Falone ana comparateur. Kama saa ndogo yenye mshale. Broche ikiyumba hata chini ya unene wa unywele, mshale unasema. Hatari! Ikisema roulement ni nzima, mimi nimekwisha.

Alipokuwa akiwasalimia wateja, nimeificha ndani ya gunia la maharagwe, dukani kwa Mama Kahambu. Mahali salama kabisa. Nani ananunua gunia zima siku hizi?

Jioni. Mama Sidonie, mpishi wa parokia, amenunua gunia zima.

Jumatano, tarehe 4

Nimekwenda parokiani. Comparateur inaning'inia ukutani jikoni, juu ya masufuria. Mama Sidonie anamshukuru Mungu kwa kumpa saa ndani ya maharagwe, ila analalamika kwamba saa yenyewe ina kichwa kigumu.

"Papa Esdras, we iko fundi," akaniambia. "Hii saa tangu jana inasema sifuri tu."

Nikamweleza kwa uso wa daktari kwamba lazima niende nayo. Akakubali, ila kwanza nimpasulie kuni. Nimepasua kuni za kutosha harusi mbili. Viganja vimevimba. Nilipomaliza akaniambia amefikiri tena: saa ibaki mpaka Jumapili, wageni waione.

Alhamisi, tarehe 5

Falone ametafuta kipimo chake kila pembe. Machozi yakamlengalenga. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta vizuri sana, hata chini ya kuku wa jirani, na moyo ukaniuma kidogo.

Kisha akafanya ujanja. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye broche, mpini sikioni, akafumba macho. Akasema gololi zinaimba safi. "Haiko roulement, kaka Esdras. Tusiifungue." Kesho ataangalia pince, ule mdomo unaobana kisu.

Nikauona uchef ukitoka mlangoni na viatu vyake. Falone alipokwenda kula, nikaifungua broche. Roulement zikakataa kutoka. Nyundo. Zikatoka. Zilikuwa zinang'aa, laini, kama mpya. Hilo likanisumbua. Nikazirudisha haraka, kwa nyundo ileile.

Sasa broche inanguruma kama lori lililokwama kwenye tope. Nikajaza grisi mpaka ikafurika. Ikanyamaza kidogo, halafu ikapata homa. Haishikiki. Moshi! Nimeifunika kitambaa na kuaga kwamba tumbo linaniuma.

Ijumaa, tarehe 6

Falone alipitia parokiani kuomba sala. Akakuta kipimo chake ukutani. Mama Sidonie akamwambia kwa furaha kwamba Papa Esdras alishakuja kukitengeneza, akashindwa.

Amerudi nacho mkononi. Akafungua pince, akaifuta, akatoa kibanzi cha mbao chembamba kama ganda la kitunguu, kilichoganda kwa utomvu. Basi. Ugonjwa wote ulikuwa huo. Kitambaa kisafi kingeuponya tangu Jumatatu.

Halafu akaizungusha broche kwa mkono, akasikia kazi yangu. Ikakwaruza kama mtu anayetafuna mchanga. Mama Kahambu akauliza nani aliifungua. Grisi kwenye shati langu ikajibu.

Mama Kahambu hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali.

"Esdras, muntu alikuwa na mwiba mu kidole, we ukamupasua tumbo."

Jumamosi, tarehe 7

Stéphane, dereva wa lori, ameleta roulement mpya kutoka Goma, amejaa tope mpaka kwenye nyusi. Falone akanawa mikono kama anayekwenda kupakata mtoto mchanga. Akazipasha moto kidogo, zikateleza mahali pake zenyewe. Grisi kidogo tu. Akaiacha broche izunguke polepole asubuhi nzima kabla ya kuipa kazi. Comparateur ikawekwa. Mshale haukutikisika. Falone ni chef d'atelier, na watu walipiga makofi. Mimi pia, nyuma.

Mimi nimepewa msasa. Niyaondolee mashavu ya malaika mistari kwa mkono. Nimekaa na uso ule siku nzima. Nadhani sasa tunafahamiana. Shavu la kushoto limezama kidogo.

Mchana chef akaniletea maharagwe, akaketi, akanifundisha kusikiliza kwa bisibisi. Hakunitajia kipimo wala gunia. Ni mwema kuliko nilivyodhani. Nikamwambia nilikuwa najua tayari.

Jumapili, tarehe 8

Mlango umebarikiwa. Padri akasema malaika anaonekana kama mtu anayefikiri sana. Nikainamisha kichwa.

Baada ya misa nikakaa peke yangu kulitafuta kosa langu, kwa unyofu. Nimelipata. Nilichelewa! Ningeifungua broche Jumatatu, kabla ya mtu kuleta vipimo na mabisibisi, nani angenipinga?

Kwa hiyo Papa Damien, mwenye kinu cha kusaga mihogo, aliponisimulia kwamba kinu chake kimeanza kupiga mluzi kidogo, sikupoteza muda. Nikamwambia roulement. Akauliza kama sitakuja kusikiliza kwanza. Hakuna haja, nikamjibu. Nafika kesho mapema, na asimwambie mtu.

Yeye aazime tu nyundo. Yangu ni nyepesi mno.