Mwizi wa Viti vya Seva

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa katika historia ya kiwanda chetu cha magodoro! Seva mpya imefungwa. Fundi wa kampuni iliyotuuzia ameiweka ofisini kwangu, akaunganisha nyaya, akanywa chai yetu, akaondoka. Kuanzia leo kila oda itaandikwa mle ndani: Mauzo wataingiza, Stoo watasoma na kutoa mzigo, Bosi ataona kila kitu akiwa amekaa. Na msimamizi wa mtambo huo ni nani? Mimi. Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Kitengo chenyewe ni mimi peke yangu, lakini hilo halimhusu mtu.

Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Bosi akiridhika, nathibitishwa kazini, na hapa kila anayethibitishwa hupewa godoro jipya la inchi nane, achague mwenyewe rangi. Ndiyo desturi ya kiwanda. Sasa, mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita. Analalia godoro letu la zamani, lile lenye bonde katikati. Kila asubuhi anashika kiuno mbele yangu, polepole, ili nione vizuri. Jana alimwuliza mke wangu, nami nasikia, kama kweli nafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro au ninafungua geti tu. Nimemwahidi kwamba Jumamosi atalalia jipya. Nimeapa kabisa.

Mchana nilishuka stoo kulichagua mapema. La maua ya buluu. Nikamweleza Mama Stoo habari za mama mkwe, nikamwomba aliweke kando. Mama Stoo ndiye mtunza stoo wetu, na stoo anaiona kama sebule yake. Akasema godoro halitoki bila karatasi ya Bosi, na kwamba mpaka sasa yeye hajaona karatasi, ameona mdomo tu. Mbele ya wapakiaji! Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Sura zao nimezikariri.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mpango. Seva haimruhusu mtu kuingia bila jina na nywila, na nywila nagawa mimi. Basi! Nimempa kila mtu nywila ndefu yenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na vialama ambavyo wengi hawajui viko wapi kwenye kibodi. Halafu nikaiamuru seva imfungie nje yeyote atakayekosea mara tatu. Akifungiwa, apande ngazi aje kuniomba. Watanijua mimi ni nani.

Mafanikio makubwa. Kufikia saa nne foleni imeshuka mpaka chini ya ngazi. Dada wa Mauzo alikuja na kurudi asubuhi nzima, mwishowe machozi yanamlengalenga. Niliwafungulia mmoja mmoja, kwa upole, nikiwashauri wawe makini.

Mama Stoo hakuja. Nilimsubiri weee, mwishowe nikapiga simu mwenyewe kumwuliza kama hana tatizo lolote. Akasema ameingia mara ya kwanza tu, kazi inakwenda vizuri, na nikae salama. Roho iliniuma. Kwa nini yeye? Nikaandika jina lake kwenye kompyuta yangu, nikakosea nywila yake mara tatu kwa makusudi. Seva ikamfungia nje. Nikanyoosha tai, nikakaa kumsubiri.

Hakuja! Nilipochungulia kutoka kwenye ngazi, nikamwona amesimamisha ubao mlangoni mwa stoo. Watu wa Mauzo wanamtajia oda kwa mdomo, yeye anaziandika kwa chaki. Kama vile seva haijawahi kuletwa. Dharau iliyoje!

Kabla ya kutoka jioni nilifungua dirisha la seva kwenye kompyuta yangu, kuona kama bado inafanya kazi. Inafanya. Nikafungua jingine kuhakikisha, kama nifanyavyo kila saa. Huwa siyafungi. Dirisha limeshaingia, ulifunge la nini? Hata kompyuta yenyewe siizimi. Nimebandika karatasi juu yake: USIZIME. KWA AMRI YA MKUU.

Jumatano, 5 Machi

Hujuma! Asubuhi tu Mauzo wamepiga simu. Nywila wanaweka sawasawa, lakini seva inawajibu kwamba hakuna nafasi. Wawili watatu wanaingia, wengine wanabaki nje. Na leo ndiyo imeingia oda kubwa ya mwaka: magodoro mia nne ya shule ya bweni, yatoke Ijumaa asubuhi, maana wanafunzi wanaripoti siku hiyo hiyo jioni. Bosi alipanda ngazi mwenyewe kuniambia. Alisema oda hii ndiyo mtihani wa seva, na ndiyo mtihani wangu pia. Kisha akakitazama kiyoyozi changu kwa muda mrefu.

Nilifungua dirisha ili kupima. Likagoma. Nikarudia, likagoma. Nikarudia tena, likakubali. Hapo ndipo nilipotumia akili: nafasi niliyoipata sikuiachia. Nikajaribu tena, nikapata nyingine, nikaishika nayo. Na nyingine. Kwa hali ilivyo, Mkuu akikosa pa kuingilia, kiwanda kitaokolewa na nani?

Nikampigia fundi aliyeifunga. Akanieleza kama mtoto wa chekechea. Eti seva hii ina viti ishirini. Eti kila dirisha linaloingia linakalia kiti kimoja, na kiti hakiachiwi mpaka mwenyewe alifunge dirisha lake au azime kompyuta yake, hata kama ameenda kulala. Eti bila shaka kuna mtu anafungua madirisha bila kuyafunga.

Watu gani hawa? Mtu mzima na akili zako unaacha madirisha wazi, wenzako wanakosa pa kukaa! Nikaandika tangazo kali nikalibandika kwenye kila mlango: ANAYEACHA MADIRISHA WAZI NI ADUI WA KIWANDA. Nikarudi kwenye kompyuta nikafungua mengine mawili, ili niwe nalinda.

Fundi pia alinishauri niizime seva kisha niiwashe tena. Nikamwambia huo ni ushauri wa mtu mwenye redio mbovu. Mimi nina cheti.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yamefichuka, na ni mabaya kuliko nilivyodhani.

Leo hakuna aliyeingia. Hata mmoja! Waliobaki hai ni madirisha yangu tu, na namshukuru Mungu kwamba sikuyafunga. Fundi akaniambia kwa simu niitazame orodha ya waliokalia viti. Nikaitazama. Viti vyote ishirini vina jina moja. MKUU. MKUU. MKUU. Kuanzia juu mpaka chini.

Mtu ameiba jina langu! Fundi akaanza kucheka, akaniuliza kama nina hakika kwamba si mimi mwenyewe. Nilimkatia simu. Mimi ni mtu mmoja. Mtu mmoja anakaliaje viti ishirini?

Na mwizi anajulikana. Kiwanda kizima kinalalamika, ni nani hajalalamika hata mara moja? Ni nani anayeringa na chaki yake? Nikabadilisha nywila yangu papo hapo ili nimtimue. Wale MKUU wakabaki palepale, hawakutikisika. Nikabadilisha tena. Bado. Ya tatu niliitunga ngumu kweli kweli, kisha nikaenda ofisini kwa Bosi kumwonyesha jinsi ninavyopambana. Nikaiandika kwenye kompyuta yake, nikakosea. Nikakosea tena. Bosi akawa anahesabu kwa sauti, jambo ambalo halikunisaidia. Mara ya tatu seva ikanifungia nje.

Mimi! Kwa amri yangu mwenyewe! Mtambo usio na adabu, haumjui hata aliyeuamuru. Sasa anayewafungulia watu ni Mkuu, na Mkuu naye yuko nje. Yaliyobaki ni yale madirisha yangu tu. Nikiyafunga ndiyo basi. Nimeifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza na mlango nimeutia kufuli.

Nyumbani mama mkwe aliniuliza kama godoro linakuja na mito yake. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mito ipo pia.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya uonevu. Malori ya shule yamefika getini mapema, na hakuna anayejua ni magodoro gani ya upana gani, kwa sababu oda yote imo ndani ya seva na seva haiingiliki; madirisha yangu nayo siyagusi, yasije yakafungika. Mwalimu aliyekuja na malori anatazama saa yake kila dakika. Bosi akaitisha kikao uani, watu wote, hata mpishi.

Nikaona wakati wa ukweli umefika. Nikasimama katikati ya uwanja nikamtaja mwizi. Nikasema Mama Stoo ameiba jina langu, amekalia viti vyote ishirini, nia yake ni kuturudisha kwenye chaki.

Mama Stoo alijipangusa chaki mikononi. Kisha akasema yeye hajagusa kompyuta tangu Jumanne mchana, kwa sababu Jumanne mchana ilimfungia nje ghafla hali ameketi anakula, na tangu hapo anasubiri Mkuu amfungulie. Akamwuliza Bosi kama mtu aliyefungiwa nje anaweza kukalia kiti kilichoko ndani. Wapakiaji wakaanza kucheka, wale wale. Bosi akanigeukia taratibu, akaniuliza ni nani aliyemfungia mama huyu nje. Nikajibu kwamba hilo ni suala la kitaalamu.

Heshima yangu ilikuwa inaporomoka mbele ya macho ya watu. Nikatoa karata ya mwisho: nikatangaza kwamba najiuzulu. Nilijua watanibembeleza. Malori getini, seva imegoma, wataniacha niende? Bosi akasema haya, funguo nimkabidhi Dada wa Mauzo.

Sikuamini masikio yangu. Baada ya yote niliyowafanyia! Nilipanda ngazi nikihema. Nikaapa kwamba hawatafaidi hata kidirisha changu kimoja. Nikavuta waya wa kompyuta yangu kutoka ukutani, kioo kikawa cheusi. Tuone sasa wataishije bila mimi!

Sijafika getini, nikasikia vigelegele kutoka Mauzo. Wameingia! Wote! Dada wa Mauzo alitoka mbio na oda ya shule mkononi, na lori la kwanza lilianza kupakiwa wakati mimi naagana na mlinzi. Yaani muda wote huo walikuwa na uwezo wa kuingia, wakangoja niondoke kwanza. Chuki ya namna hii sijapata kuiona.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mama mkwe kwamba nimepewa mapumziko kwa ajili ya kazi nzuri. Akashika kiuno. Akauliza kama mapumziko na godoro vinakuja pamoja au kimoja kimoja. Mke wangu alikimbilia jikoni, mabega yakimtikisika. Anamcheka nani?

Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo. Humu hasomi mtu, basi naandika: niliogopa. Si kwa sababu ya kazi tu. Niliogopa yule mama asije akarudi kwake akasema binti yake ameolewa na mdomo. Nilikaa pale mpaka nguo zikakauka.

Alasiri mkokoteni ukasimama mlangoni. Juu yake godoro la inchi nane, maua ya buluu, bado limo kwenye nailoni. Msukuma mkokoteni akaleta na maneno. Godoro limetumwa na Mama Stoo. Limeandikwa kwa jina lake mpaka siku nitakayothibitishwa. Malori yalipoondoka, alimfuata Bosi akamwambia mtoto wa watu haaibishwi mbele ya mkwewe, hata kama ni mjinga. Bosi ameniongezea mwezi mmoja wa majaribio. Jumatatu niripoti stoo, chini ya Mama Stoo. Fundi naye amepita, ameacha agizo moja: kila mtu dirisha moja tu, akimaliza alifunge.

Mama mkwe alilijaribu palepale sebuleni. Akasema aah. Akalala mpaka magharibi akikoroma, na alipoamka aliniita baba kwa mara ya kwanza. Mke wangu akanishika mkono. Nilifurahi, sikatai.

Lakini kichwa changu hakilali. Nimelitazama jambo hili kwa kila upande. Kwa nini anitetee? Kwa nini godoro lile lile nililolichagua? Jibu limekuja wakati napiga mswaki. Mtu asiye na hatia hatumi godoro.

Jumatatu, 10 Machi

Stoo. Meza yangu iko kati ya rundo la magodoro ya watoto na Mama Stoo. Fundi amelifungua jina langu, ila si MKUU tena. Ni STOO-2. Nimeyameza.

Mama Stoo alinikaribisha vizuri. Akanionyesha pa kuning'iniza koti, akaniambia hapa kwake ni dirisha moja tu, mwanangu. Mwanangu! Nikamwambia sawa, mama. Kucheka naye nilicheka, lakini jicho sikumtoa.

Nikafungua dirisha moja la kazi. Nikafungua la pili la kulilinda la kwanza. Mwizi bado yuko huru, tena yuko meza ya pili, kwa hiyo nikafungua na mengine ya akiba, nikayashusha chini ya kioo asiyaone. Nikafanya hivyo asubuhi nzima kwa ukimya mkubwa.

Kabla ya chakula simu ikalia. Mauzo. Seva inawaambia hakuna nafasi. Nilijua! Kiwanda kizima ni shahidi kwamba nilisema! Nikageuka haraka nimkamate Mama Stoo, mikono ikiwa bado kwenye kibodi.

Hakuwepo mezani. Alikuwa mlangoni, ameshaufuta ubao, anatafuta kipande kizuri cha chaki. Amejuaje, na simu nimepokea mimi? Nimefungua dirisha jingine, nianze uchunguzi.