Mshahara wa Shemeji Innocent

Jumapili, 2 Machi 2025
Shemeji Innocent katoka Geita kutusalimia. Ni mume wa Euphrasia, mdogo wake mke wangu Vumilia. Anaendesha lori la kampuni moja yenye zabuni mgodini. Akatangaza mezani kwamba posho yake ya chakula tu inaushinda mshahara wangu wa halmashauri ya hapa Shinyanga. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, akampakulia firigisi. Firigisi ya kuku wangu! Nyumbani kwangu! Mimi nikapewa shingo.

Jumatatu, 3 Machi
Sikulala. Kazini nikasoma kwenye simu kwamba ziko nchi ambako serikali inalipa kuliko kampuni, na nyingine ni kinyume. Nikamweleza bosi wangu, Bi. Melania. Akauliza kama mafaili ya viwanja nimeshayapanga. Mtu asiyependa maarifa!
Nimeamua: nahamia kampuni binafsi. Ila kimya kimya kwanza. Melania nimemwambia mama mkwe kalazwa Mwanza, hali mbaya. Kanipa ruhusa na pole nyingi. Vumilia nimemwambia ni semina. Akauliza posho. Nikasema italetwa baadaye. Hapo akaamini kabisa kuwa ni ya serikali.

Jumatano, 5 Machi
Geita! Kampuni ya akina Innocent imenipa siku ya majaribio, stoo ya vipuri. Kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Nikafika saa mbili kasoro, ambayo kwangu ni alfajiri. Msimamizi, kijana aitwaye Enock, hakuniamkia. Na mvi zote hizi!
Saa nne nikauliza wanapokunywea chai. Stoo nzima ikacheka. Nikajisogeza nyuma ya matairi, nipumzishe mgongo tu. Enock ndiye aliyeniamsha.
"Mzee, hapa anayelala leo, kesho hayupo."
Nikamjibu kwamba mimi nimelala serikalini miaka na miaka na bado nipo. Akanivua kofia ngumu, akanionyesha geti.
Innocent sikumwona. Wenzake wakasema mkataba wake ulikatwa tangu Januari. Sikuamini. Watu wa mgodini wana wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Jana wenzangu wa ofisini walikwenda nyumbani kumpa pole Vumilia, na mchele na sukari. Aliyewafungulia mlango ni mgonjwa mwenyewe, karanga mdomoni. Akawaamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akapokea mchele. Melania akamuuliza katoka hospitali lini. Akajibu hata mafua hajaugua tangu Vumilia azaliwe.
Vumilia hasemi nami. Mchele tumeula.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeitwa kwa Melania. Kwenye benchi nje ya mlango wake, nani? Innocent! Na tai!
"Shikamoo, shemeji," akasema. Hajawahi kuniamkia tangu amuoe Euphrasia.
Akaninong'oneza kila kitu. Walipunguzwa kwa ujumbe wa simu, wengine wakiwa bado usukani. Euphrasia hajui, kila asubuhi mume anavaa sare na kwenda kukaa stendi. Sasa kaja kuomba udereva kwetu.
"Mshahara uwe mdogo tu, shemeji. Nataka nilale nikijua kesho nina kazi."
Machozi yalimlengalenga. Nikaona huruma. Kisha nikaona raha. Raha ilikuwa kubwa zaidi.
Ndani, Melania akanipa onyo la maandishi. Akasema ingekuwa kampuni binafsi, sasa hivi ningekuwa nafungasha. Nikamshukuru, nikamwombea Innocent nafasi. Akanishauri kwamba kama nampenda shemeji yangu, nisimtetee.

Jumapili, 23 Machi
Innocent kapata udereva. Namwachia aamini ni mimi. Kamweleza Euphrasia ukweli, akalia, kisha akampikia. Ananenepa! Tatizo ni moja: anafika kazini saa kumi na mbili, mazoea ya mgodini, na Melania kaanza kuuliza kwa nini mimi siwezi.
Leo kinyozi wangu, Boaz, kanipa habari nzito. Iko nchi jirani ambako karani wa serikali analipwa kuliko meneja wa kampuni. Nchi gani, hakumbuki, ila ana uhakika. Nimemwambia Vumilia aanze kuuza makochi. Kaenda kulala.
Kesho kutwa nakwenda mpakani kuulizia. Melania atahitaji sababu. Jino! Tangu jioni hii nimeanza kujishika shavu.