Dhahabu ya Alhamisi

Jumatatu, 3 Februari 1997

Daftari jipya. Nimeliomba kwa binti yangu Goodness, nikamwambia ni la kumbukumbu za kahawa. Kahawa gani! Bei imeanguka hadi watu wanang'oa mibuni na kupanda nyanya. Mimi sing'oi wala sipandi. Mimi, Hosea, nitachimba.

Wazo limetoka kwa binamu yangu Jacob. Krismasi alikuja nyumbani kutoka Geita na koti la ngozi, akalivaa siku tatu mfululizo, hata kanisani, jua likiwaka. Akatueleza dhahabu inavyopatikana kwenye changarawe. Unaiosha juu ya ubao uliotandikwa blanketi. Mchanga mzito unanasa kwenye manyoya. Unautia zebaki, zebaki inaikamata dhahabu, unakamua, unachoma. Zebaki inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Hatua saba kwa jumla. Nakumbuka tano. Mbili zilitajwa wakati kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iko kwangu.

Na changarawe ninayo. Mfongo wetu, huu mfereji tulioachiwa na mababu, unaishusha kutoka mlimani kila siku. Leo nimechota kiganja kimoja nikakiweka juani. Inametameta! Wenzangu huizoa kila wakisafisha mfongo na kuitupa kando. Macho wanayo, ila ni ya kutazamia ndizi tu.

Nimemweleza mke wangu Yuditha. Amesema yeye anajua jambo moja: vuli ilikataa, na zamu yetu ya maji ni Alhamisi, alfajiri hadi saa sita. Migomba ikikosa Alhamisi mbili mikungu haitajaa, na hapo tutakula nini hadi masika? Nimemwambia nimesikia. Ni kweli, nilisikia.

Jumanne, 4 Februari

Holili. Nimepata zebaki kwa dereva mmoja wa lori la mizigo. Imo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, ndogo, lakini nzito kuliko jembe. Dereva aliniuliza kama mimi ni fundi meno, maana nao huzibia meno kwa zebaki. Nikaona ni salama zaidi kusema ndiyo. Akafungua mdomo palepale. Nimetazama gego la nyuma kwa makini na kumshauri apunguze sukari. Ameshukuru sana.

Alhamisi, 6 Februari

Siku kubwa. Bahati iliyoje: Yuditha aliamkia Rau kumwona dada yake anayeumwa, akaniachia maji. Aliniagiza nianze na migomba ya juu, kisha ya chini, kisha majani ya ng'ombe. Ratiba nzuri. Nitaitumia siku nyingine.

Nimetega ubao, nimetandika blanketi. Ni lile la harusi yetu, maana ndilo lenye manyoya marefu. Nimeelekeza mfongo wote juu yake na kumwaga changarawe karai baada ya karai. Mgongo unaniuma hata ninapoandika.

Saa sita kasorobo jirani yangu Jesse akafika mpakani na saa yake ya mkononi. Zamu yake hufuata yangu. Jesse ni karani mstaafu, na tangu astaafu kazi yake ni mimi. Aliuliza kwa nini maji yangu yana rangi ya chai ya maziwa. Nikasema naosha blanketi. Akasema ndama wake amekataa kunywa. Nikamwambia ndama amefanana na mwenye ndama.

Jioni Yuditha akauliza kama maji yalipita. Nikasema yalipita. Sikudanganya.

Ijumaa, 7 Februari

Hatua ya zebaki. Nimeimimina kwenye karai la mchanga mzito na kuukanda kwa mikono kama unga wa maandazi. Inapendeza! Inakimbia, inagawanyika, inakutana tena. Nimekanda asubuhi yote na mchana.

Jambo moja dogo. Pete yangu ya ndoa, ambayo haijavuka kifundo tangu 1976 kwa sababu ya kunenepa kidole, imekuwa nyeupe. Nadhani zebaki imeisafisha.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekanda tena. Pete imekatika kidoleni kama biskuti! Vipande vimeingia karaini. Nimepapasa weee, sikuona hata kimoja. Inaelekea ilikuwa pete hafifu. Nitamlaumu aliyetuuzia.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mkono wa kushoto mfukoni ibada nzima. Si rahisi kushika kitabu cha nyimbo kwa mkono mmoja, na Jesse, aliyekaa nyuma yangu, aliniuliza kama nimepooza. Yuditha alitazama mfuko, akanitazama mimi, akaendelea kuimba sauti ya pili. Sauti yake ya pili inajulikana hadi usharika wa jirani. Leo ilinitia wasiwasi.

Jumatatu, 10 Februari

NIMEPATA!

Nimeikamua zebaki kwenye kitambaa. Nyingi ilitoka, ikabaki donge jeupe, gumu, la ukubwa wa harage. Nimelichoma juu ya kipande cha bati nyuma ya kihamba, shamba letu la nyumbani, mbali na nyumba, kwa amri ya Yuditha, asiyetaka moshi wa aina yoyote. Moshi ulipanda na upepo ukauelekeza kwa Jesse. Hilo sikupanga, ingawa sikuupinga upepo. Hata hivyo kichwa kinauma na mate yana ladha ya sarafu.

Lakini juu ya bati! Punje ya njano! Kubwa kuliko mtama! Nimepiga magoti kati ya migomba nikamshukuru Mungu. Migomba yenyewe imeanza kuinamisha majani. Labda nayo inashukuru.

Jumanne, 11 Februari

Moshi mjini, kwa sonara. Aliigeuza punje, akaikwaruza kwenye jiwe lake jeusi, akaidondoshea maji ya dawa. Kisha akaomba nimwonyeshe mikono. Nikaona ajabu, lakini nikamwonyesha. Akatazama sana ile alama nyeupe kidoleni.

"Baba," akasema, "dhahabu hii iliwahi kuyeyushwa kabla yako. Imechanganywa na shaba, kama wanavyochanganya ya pete."

Nikamwonea huruma. Kijana wa mjini, hata jiografia hajui. Huu mlima si uliwahi kuwaka moto? Kila kitu ndani yake kimeyeyushwa! Na kama ulichanganya shaba humohumo, basi ni mlima unaotoa dhahabu ya pete iliyo tayari. Geita hawana kitu kama hicho. Nimerudi nyumbani na punje yangu, nikitembea kama mtu aliyevaa koti la ngozi.

Alhamisi, 13 Februari

Siku mbaya. Naiandika kama ilivyokuwa.

Leo Yuditha alishika jembe mwenyewe. Alfajiri akafungulia migomba maji. Mimi nikapanda juu ya kihamba, nikaziba mfereji kwa gunia la majani na kuelekeza maji kwenye ubao wangu. Sikuyachukua yote. Nilimwachia ya kulowesha miguu.

Alingoja huko chini, maji hayafiki. Akadhani kuna mti umeangukia mfongo. Akapanda kuangalia. Akanikuta nimeinama juu ya blanketi la harusi yetu, karai la zebaki mkononi, namwaga maji ya kusuuzia humohumo mferejini.

Hakupiga kelele. Alitazama blanketi, akatazama kidole. Akauliza pete iko wapi. Nikasema iko salama. Akauliza salama wapi. Nikatoa punje mfukoni, nikamweleza habari ya volkano. Aliisikiliza yote. Halafu akakaa chini juu ya jiwe kama mtu aliyechoka tangu zamani, na mimi nikatamani kama angenitukana.

Wakati huohuo Jesse akatokea. Zamu yake ilikuwa imebakiza saa nne nzima! Alikuwa amepiga magoti mpakani, anaukodolea macho mfereji. Kitone cha zebaki kilikuwa kinabingirika juu ya mchanga kuelekea kwake, kinang'aa kama jicho la samaki. Akauliza hicho ni nini. Akafunga maji kwa mikono yake na kwenda kumwita Mzee Eliamini, mwenyekiti wa mfongo.

Jumamosi, 15 Februari

Kikao cha mfongo. Wanaume kumi na wanane wenye majembe, na akina mama pembeni. Mzee Eliamini akauliza nimetia nini kwenye maji. Nikaanza na Krismasi na koti la Jacob. Akasema nianze na chupa. Nikasema zebaki. Nikaongeza kwamba ni kidogo. Muuguzi mstaafu, Mama Tabitha, akasema kidogo cha zebaki si kidogo, inaingia mwilini na haitoki, na inaanza na watoto. Akataja nyumba zinazokunywa chini ya kwangu. Saba. Alizitaja moja moja kwa majina ya watoto.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Hata Jesse sikuweza kumchukia.

Hukumu: mfongo umefungwa hadi usafishwe, kila nyumba ichote maji chemchemini. Mimi nichimbe mchanga wote kutoka kwangu hadi mwisho wa kwa Jesse na kuufukia mbali na maji. Kisha nilete mbuzi, mbege na sale, jani letu la kuombea msamaha. Hadi hapo, sina zamu.

Ndipo Yuditha akasimama. Kwetu mwanamke huchota maji ya mfongo, hulima kwayo, hupika kwayo, ila kikaoni hasemi. Yeye alisema.

"Zamu ikirudi isirudi kwa Hosea. Andikeni Yuditha. Migomba nailima mimi."

Mzee mmoja akakohoa kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Jesse akasema hata zebaki haikuwahi kutokea. Wakacheka, mikono ikanyooka, ikawa imepita. Kwa hiyo sasa mke wangu ana maji, na mimi nina jembe.

Jumanne, 18 Februari

Nachimba. Nafukia. Akina mama wanapita na ndoo kichwani wakienda chemchemini, na kila mmoja ananisalimia kwa heshima kamili. Nafuu wangenipiga mawe. Yuditha anapita mara nne kwa siku. Nilijitolea kumbebea ndoo. Akanipa mbili.

Mikungu mitatu imedondoka kabla ya kujaa. Ameikata, akampa ng'ombe.

Jumamosi, 22 Februari

Mbuzi amepatikana. Yuditha aliipeleka punje kwa yule sonara, akarudi na beberu mweusi. Anasema wazee watakula pete aliyonivisha. Nimemwambia watakula dhahabu ya mlima. Akasema haya, basi ni mlima ulionivisha pete mwaka sabini na sita, si yeye.

Nimevaa suti. Nimeshika sale kwa mikono miwili, lile jani refu la mpakani lililofungwa fundo, nikalipeleka kwa Jesse mbele ya watu wote. Jesse amenichukia kwa miaka ishirini, angeweza kunifukuza. Lakini kwetu aliyeletewa sale hakatai. Akikataa, yeye ndiye mbaya. Akalipokea! Meno yamefungana, lakini akalipokea. Kisha Mzee Eliamini akapokea la mfongo. Halafu Yuditha, ambaye hakuna aliyeagiza apelekewe. Lake nililikata mwenyewe asubuhi. Alilishika kwa muda mrefu, akalichomeka kwenye kilemba chake, akaenda kugawa mbege.

Nyama ilikuwa tamu. Jesse alipewa kidari. Nimesamehewa na watu wote, kwa siku moja, kwa majani matatu. Sikuwahi kufikiria sana juu ya majani haya.

Alhamisi, 27 Februari

Maji yamerudi. Mama Tabitha alikagua mchanga hatua kwa hatua, akaridhika. Leo ilikuwa zamu ya Yuditha, na imeandikwa hivyo kwenye daftari la mfongo, kwa kalamu nyekundu. Nimefanya kazi chini ya amri yake tangu alfajiri. Fungua hapa, ziba pale. Migomba ilikunywa hadi udongo ukawa unatoa sauti. Saa nne alikaa kivulini akanimegea nusu ya ndizi yake ya kuchoma, na tukatazama majani yakisimama. Nilifurahi kuliko siku ya punje. Nilimwapia kwamba changarawe ya mfongo sitaigusa tena, na nilikuwa namaanisha.

Saa nane nikawa nazibua mfereji wa mvua nyuma ya nyumba. Huo si mfongo. Ni wa maji ya bati. Una changarawe. Na changarawe, ilipokauka kidogo, ikametameta.

Nimefikiri kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa maji ya watu, na hapa maji ni ya mvua yangu mwenyewe. Masika yanaanza mwezi ujao. Jacob anakuja Pasaka, nitamwomba zile hatua mbili. Na yule dereva wa Holili bado ananiheshimu kama fundi meno.

Jioni nimekwenda mpakani na panga nikakata masale mawili mapema, kabla watu hawajaanza kuuliza ya nini. Moja la Jesse, moja la Yuditha. La Yuditha nimechagua lile refu kuliko yote.