Hotuba Mbele ya Kalenda Iliyogeuzwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule tuliyemwalika kutojibu barua. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Uteuzi wa Programu Tumishi ya Kalenda, ambaye pia ni mimi. Ndugu katibu wangu. Waheshimiwa wajumbe mliofika na mliotuma udhuru. Mganga mkuu wa kituo chetu cha afya. Wauguzi, wakunga, na ndugu mlinzi uliyefunga mlango kama nilivyoelekeza. Wazee wetu, mama zetu, na shemeji zangu mliowahi viti vya karibu na feni. Wagonjwa wote kwa ngazi zenu, wa kulazwa na wa nje. Mabibi na mabwana. Ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa, na aliyetajwa mara mbili asijivune. (Makofi. Muuguzi wa mapokezi, anayejulikana na wote kwa jina la Mama Daftari, ananyoosha mkono.)

Maswali mwishoni, Mama Daftari.

Ndugu wananchi, leo hii, tarehe ambayo katibu wangu atanikumbusha, tunazindua rasmi mfumo wa kidijitali utakaomwezesha kila mgonjwa kujua siku yake ya kliniki kupitia simu yake ya mkononi, au kishikwambi kwa wale wenye nacho, bila kulazimika kumuuliza mtu, bila foleni, na kama utafiti wetu shirikishi ulivyobaini, bila hata kuumwa sana. (Makofi ya kiasi.)

Tulikotoka mnakujua. Kwa miaka kumi na tisa kituo hiki kiliongozwa na kalenda ya karatasi, iliyotundikwa mapokezi kwa msumari mmoja, pamoja na daftari la kaunta ambamo Mama Daftari aliandika kwa mkono wake nani aje lini, na siku za daktari wa macho, ambaye huja mara moja tu kila miezi mitatu, akazizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Duara jekundu, ndugu zangu, katika karne hii. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya Kamati yangu, hatua ya kijasiri, ilikuwa kuishusha kalenda hiyo na kulifungia daftari kabatini, ili wananchi waanze kujiandaa kisaikolojia. Ufunguo wa kabati uko mahali salama ambapo bado tunapatafuta. (Minong'ono.)

Wapo waliobeza. Wapo waliosema haraka haraka haina baraka. Nawajibu kwamba Kamati yangu haijawahi kufanya jambo lolote kwa haraka. (Makofi marefu, hasa kutoka nyuma.)

Na hatukuitupa kalenda ile, kwa kuwa sisi si watu wa ubadhirifu. Tazameni nyuma yangu. Bango hili zuri linalosomeka KALENDA MOJA limeandikwa mgongoni mwa kurasa zake, kila herufi na mwezi wake, miezi kumi na moja kwa herufi kumi na moja, na mwezi wa kumi na mbili tukautumia kwa ile nafasi iliyo katikati ya maneno. Hiyo ndiyo tunaita matumizi bora ya rasilimali. (Makofi. Feni inapeperusha herufi J. Mama Daftari anasimama, anaangalia ukutani, anakaa, ananyoosha mkono tena.)

Sasa niwaeleze mchakato. Kuchagua programu ya kalenda si kama kuchagua nyanya sokoni, ingawa kwenye nyanya nako watu hukosea. Tuliunda kamati ndogo nne. Ya kwanza ilishughulikia rangi, ikapendekeza kijani. Ya pili ilishughulikia mlio wa ukumbusho, ikajaribu kuweka miadi ya saa nne asubuhi kwa kuandika nne, simu ikalia saa kumi alfajiri, na mjumbe mmoja, kwa uzalendo wake, akaamka akaja kituoni akakaa mlangoni hadi tulipofungua. Ya tatu ilichunguza kama mtu na mkewe waone kalenda moja, na taarifa yake imekuwa siri kwa ombi la wajumbe wote wanaume. Lakini ya nne, ndugu zangu, ndiyo iliyobeba mzigo, maana ilipewa swali lililo moyoni mwa kila programu ya kalenda: wiki ianze siku gani?

Kila programu tuliyoifungua iliuliza hivyo. Wajumbe wenye ofisi wakasema Jumatatu. Wajumbe wengine wakauliza itaanzaje Jumatatu wakati jina lenyewe linakiri kwamba ni ya tatu, hivyo ya kwanza ni Jumamosi na mjadala ufungwe. Kundi la Jumapili likatoka nje kwa hasira, likarudi wakati wa chai. Vikao kumi na vinne vilikaa juu ya jambo hili. Kufikia mwezi uliopita, maridhiano yalikuwa yamefikia asilimia mia moja na nne. (Kicheko kimoja, kinazimwa.)

Naona dirishani gari jeupe limeingia. Huyo ni mdau aliyechelewa. Mlinzi, usimfungulie, atasubiri huko huko nje hadi nimalize. (Mama Daftari anasimama, anasema kwamba lile gari analifahamu. Anaombwa akae.)

Wacha nimtambue mnufaika namba moja wa mradi huu, fundi wetu wa cherehani, yule pale mstari wa mbele na dada yake. Simama, fundi. Dada, msaidie asimame. Mama huyu ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia limeshafunga, la kushoto analitumia kwa kubahatisha. Daktari wa macho amekuja mara mbili tangu tushushe kalenda, akakaa chumbani kwake peke yake hadi mchana, akaondoka, kwa sababu hakuna mgonjwa aliyejua siku. Wengine wangeiita hiyo hasara. Sisi tunaiita takwimu ya msingi, yaani mahali pa kupimia mafanikio tutakapoanza kufanikiwa. Koti hili nililovaa ameshona yeye mwezi jana, na kama mkono mmoja umefika kwenye vidole na mwingine umeishia kwenye kiwiko, hiyo ni sauti ya mwananchi, nami naivaa kwa fahari. (Makofi. Fundi hakai.)

Unaweza kukaa, fundi. (Fundi anasema, bila kupaza sauti: "Mheshimiwa, sindano naitunga kwa ulimi. Nikikosa na safari hii, nafunga cherehani. Mimi nataka kujua siku tu.")

Swali zuri sana, na jibu lake liko ndani ya mfumo. Utapata ujumbe. Utaona rangi ya kijani. (Dada yake anauliza ataionaje.) Hilo lipo awamu ya pili. (Mama Daftari amefika jukwaani. Anainua herufi J kama mtu anayefunua chungu na kusoma mgongoni mwake.)

Mama Daftari, unaharibu neno. (Mama Daftari anasema: "Mheshimiwa, leo ndiyo yenyewe. Duara hili hapa. Lile gari ni la daktari wa macho.")

Nakushukuru kwa taarifa, itaingizwa kwenye kumbukumbu. Hata hivyo ratiba inaonyesha kwamba baada ya hotuba hii kuna ngonjera, kisha salamu za wadau, kisha kukata utepe. (Mama Daftari anabandua bango lote, mwezi kwa mwezi, na kulikunja kwapani. Anamshika fundi mkono. Mlinzi anafungua mlango bila kuelekezwa, kwa kuwa mama yake mzazi naye ana mtoto wa jicho na yumo mstari wa tatu. Viti vinasogezwa.)

Naomba utulivu. Watakaotoka wasaini. (Fundi anageuka akiwa mlangoni, uso ukielekea pembeni kidogo ya Mheshimiwa. Anasema: "Nikirudi nikiwa naona, Mheshimiwa, hilo koti naanza kulifumua.")

Ahadi hiyo tumeipokea. (Wanaendelea kutoka.) Naona kupitia dirishani kwamba daktari alikuwa ameshachoka kusubiri, amewasha gari aende zake, ila ameshindwa kupita lango la kutokea kwa kuwa gari langu limeegeshwa limeziba njia, na dereva wangu yumo humu amelala. Sasa naona anashuka. Anashikana mikono na fundi. Anavaa koti lake jeupe, ambalo mikono yake iko sawa. Naomba ieleweke kwamba hayo yote yalipangwa, na katibu aandike kuwa mradi umemzuia daktari kituoni kwa asilimia mia. Katibu. Naambiwa katibu ametoka na shangazi yake.

Basi nihitimishe. Kalenda Moja! Kalenda Moja! (Feni.)

Kwa kuwa tumebaki wachache, na aliye macho ni mimi, niseme na lile lililobaki kwenye karatasi hii, sehemu ambayo pembeni yake katibu aliandika kwa penseli: isisomwe. Programu yenyewe haikuchaguliwa. Hakuna iliyowekwa kwenye simu yoyote, na kishikwambi kilichofunikwa kitambaa hapa mezani ni kigae cha sakafu. Kikao cha mwisho, ambacho kingepitisha uamuzi, hakikufanyika, kwa sababu kila mjumbe alipoulizwa anafika lini alitaka kwanza aangalie kalenda.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Namshukuru na dereva. Dereva, amka, bwana. Usisogeze gari kwanza. Niambie tu, leo tarehe ngapi?