Unga Wangu wa Kushusha Sukari ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekuwa tabibu. Mimi! Niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walishindwa kunifikia.

Ilikuwa hivi. Shangazi karudi kutoka kliniki amenuna. Sukari kumi na nne, na asubuhi hajatia kitu tumboni. Daktari kamwambia arudi Ijumaa ya wiki ijayo. Isiposhuka, anaanza kuchomwa insulini kila siku. Shangazi kaapa hachomwi. Nikamkumbusha kwamba yeye ni fundi cherehani, ameishi na sindano miaka thelathini. Akasema zile anachoma yeye, na nikiendelea kucheka ataanza na mimi.

Baadaye nikamwona anatunga uzi. Mara ya tatu, ya nne, uzi unapita kando ya tundu. Macho yameingia ukungu. Akaninyooshea sindano bila kuniangalia, nikamtungia.

Kisha akili ikawaka. Si nasaga viungo sokoni? Uwatu, mdalasini, tangawizi, manjano! Wateja kila siku wanasema vinasaidia watu wa sukari. Dawa ninayo puani mchana kutwa, na mimi napiga chafya tu!

Jumanne, 4 Machi
Nimesaga kopo zima. Jina: Sukari Shuka. Nimeliandika kwa kalamu nyekundu.

Binti wa Shangazi kalinusa. Huyu anasoma uuguzi mwaka wa pili, na mimi humwita Dokta Nusu. Kasema viungo si vibaya, mdalasini kwenye uji unamsaidia mtu asahau sukari, ila ni chakula, haviwezi kukaa kiti cha vidonge. La maana ni sahani: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo tu wali. Halafu kutembea nusu saa kila siku. Nikamuuliza chuoni wanasomea uuguzi au upishi. Akajibu kwamba angalau wamemfundisha kunawa mikono kabla ya kusaga.

Wivu. Unanuka kuliko uwatu.

Shangazi kaonja. Uso ukajikunja kama kitambaa kilichokosa pasi. Katemea kwenye kopo la vifungo. Kasema kama dawa ndiyo hiyo, bora sindano.

Alhamisi, 6 Machi
Dokta Nusu kaenda mazoezi ya hospitali, anarudi Jumatatu. Uwanja wangu!

Tatizo la unga ni uchungu, na uchungu nimeumaliza. Tende! Nusu kilo, nimezitwanga humo humo. Na asali vijiko vinne. Najua Dokta Nusu angepiga kelele, lakini tufikiri kama watu wazima. Sukari ni ile nyeupe ya dukani. Tende imetoka mtini. Asali imetoka kwa nyuki, na nyuki hajawahi kuonekana dukani akinunua sukari. Hoja imekwisha.

Nikaukoroga kwa maji moto, Shangazi kanywa kikombe. Cha pili. Cha tatu akalamba na kijiko. Kaniita baba yangu, mkombozi wa ukoo. Nikamshauri vidonge navyo vipumzike kidogo, visije vikagombana na unga. Kakubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi ana kiu. Kamaliza mtungi mzima wa maji, na chooni keshakwenda mara tisa. Kaniuliza, baba, hii ni kawaida? Nikamtuliza kwamba hiyo ndiyo sukari yenyewe, inatimuliwa kwa mlango wa nyuma. Sijui maneno haya huwa nayatoa wapi.

Jumamosi, 8 Machi
Ushindi! Ushindi!

Nilikuwa sokoni asubuhi. Kaja mwalimu wa kwaya kushonesha suruali. Vipimo vyake Shangazi anavyo tangu mwaka jana, safari hii alitaka kubadili upana wa mguu tu, kule chini. Kwa kuwa Shangazi haoni vizuri na mwalimu ana miwani, yeye mwenyewe ndiye aliyesoma futi na kuandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Ndiyo desturi ya hapa. Kila namba huandikwa mezani kwa chaki, mimi nikirudi nainakili kwenye daftari.

Shangazi akaona amtumie vizuri mwenye miwani. Akajichoma kidole kwa ajili ya kile kimashine chake cha kupimia sukari, akafumba macho, akamwambia asome. Lakini asimwambie! Moyo wake hauwezi. Aandike tu mezani, kijana wake ataangalia.

Narudi. Nakuta namba mbili. 17 na 9. Hakuna maelezo.

Mtu wa kawaida angebabaika. Mimi nimefikiri. Unga wangu unafanya kazi. Kwa hiyo sukari ni 9. Kwa hiyo 17 ni mguu wa suruali. Hesabu safi!

Nikamwambia Shangazi: tisa. Akaniambia niape. Nikaapa. Akainuka akacheza katikati ya chumba, vipande vya vitambaa vinaruka, futi limemning'inia shingoni kama nishani. Kisha akaketi akalia kidogo, akasema kumbe macho yake yatabaki.

Jumapili, 9 Machi
Tumesherehekea. Keki na soda. Na unga, mara mbili ya kipimo, kwa sababu farasi anayekimbia hapunguzwi majani.

Jioni kakata suruali, mimi namsomea daftari. Kwenye mguu akasimama. Inchi kumi na saba? Nikamwambia mtindo umebadilika, watu wa kwaya wanataka hewa. Akasema vijana wa siku hizi mnajua, akakata, akashona usiku huo huo.

Jumatatu, 10 Machi
Naandikia chini ya meza. Siwezi kukaa.

Mwalimu wa kwaya, aliyeichukua suruali alfajiri, kaja ameivaa. Ee! Sketi mbili zimeshonwa pamoja. Kila akipiga hatua, yeye anafika kwanza, suruali inafuata. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Kasema leo asubuhi mazoezini watoto wawili wa sauti ya kwanza wamejificha ndani ya mguu wa kulia.

Kasema aliandika tisa. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa chaki. Tisa.

Dokta Nusu alikuwa ndiyo kwanza anaingia, begi bado begani. Akauliza taratibu: kama tisa ni ya suruali, kumi na saba ni ya nani?

Sote tulimtazama Shangazi. Alikuwa na kikombe changu mkononi.

Dokta Nusu kampima hapo hapo. Kumi na tisa. Kachovya kidole kwenye kopo langu, kalamba. Kauliza, tende? Nikasema na asali, lakini kidogo. Kauliza vidonge viko wapi. Shangazi kasema vimepumzishwa. Dokta Nusu akafunga macho kama mtu anayeomba subira, akapiga simu kliniki.

Shangazi naye akachukua ile rula ndefu ya mbao ya kukatia.

Tumezunguka soko mara tatu. Sikujua mama wa umri ule ana mbio! Muuza ndizi alinizuia njia kwa makusudi. Rula zimenipata nne, zote za makalioni, na Shangazi hakosi kipimo.

Alipochoka akaegemea ukuta, anahema. Kasema kosa la tende angelisamehe. Ila nilimwambia tisa, na kwa siku mbili alilala usingizi ambao hajaulala mwaka mzima. Hilo limeniuma kupita rula. Au tuseme karibu sawa nayo.

Jumatano, 12 Machi
Vidonge vimerudi kazini. Adhabu yangu: kula sahani ile ile ya Shangazi na kutembea naye kila asubuhi. Mboga mlima, wali kichuguu. Dokta Nusu kaweka uwatu kwenye maharage, mdalasini kwenye uji usio na sukari. Viungo vyangu! Kaviiba mchana kweupe, anaviita lishe.

Leo asubuhi kumi na nne. Nimesoma mimi, mbele ya mashahidi wawili. Kaka, kasema Dokta Nusu, hongera, umeiona namba ukaisema.

Ijumaa, 14 Machi
Kliniki. Shangazi kanishika mkono njia nzima, vidole baridi. Daktari kapima. Kumi na moja.

Kasema bado iko juu, lakini inashuka. Sindano zisubiri mwezi mmoja, waendelee hivyo hivyo na vidonge, sahani na matembezi. Shangazi kamkumbatia daktari mpaka kifaa chake cha kusikilizia moyo kikaanguka. Daktari kampongeza Dokta Nusu. Mimi hakunitaja, ingawa ile Jumatatu, aliyemkimbiza Shangazi mara tatu kuzunguka soko ni nani? Mazoezi hayo nimeyaanzisha mimi, kwa makalio yangu.

Jumamosi, 15 Machi
Bahati haimwachi mwenye kipaji! Nimekutana na mlinzi wa ghala la mbao. Ana presha. Ameambiwa aache chumvi, na chakula hakimwingii tena. Maskini. Angalau kaja kwa mtu sahihi.

Nimesaga kopo jipya: kitunguu saumu kikavu, pilipili manga, giligilani. Jina: Presha Tulia. Kaonja, kasema haina ladha kabisa, kama kulamba ukuta.

Nikarudi sokoni mbio. Nimeongeza chumvi vijiko vinne. Si ile ya dukani, mimi si mjinga. Hii ni ya mawe, ya asili, imechimbwa ardhini kwa mikono.

Mlinzi kalamba mpaka kiganja. Kaniagiza makopo mawili.