Kupanda Tu, Kushuka Mwiko

Jumatatu, 8 Januari

Mwalimu Mkuu katangaza leo: atakayepanga ratiba ya vipindi yenye malalamiko machache zaidi kufikia Jumanne ya wiki ijayo, ndiye Mkuu wa Taaluma. Na cheo kinakuja na ofisi! Ina mlango wake. Ina dirisha! Mimi miaka kumi na moja meza yangu iko nyuma ya mlango wa chumba cha walimu, na kila anayeingia ananigonga kiwiko. Moyo ulidunda mpaka nikamwaga chai. Nikanyoosha mkono. Kwa bahati mbaya, Jiografia naye kanyoosha. Ndiye mwalimu wa jiografia, jirani yangu wa meza, mtu wa kutabasamu tangu saa moja asubuhi. Watu wa namna hiyo nawaogopa.

Jumanne, 9 Januari

Ubao wangu uko tayari. Misumari mia mbili, kila kipindi na kadi yake inaning'inia. Kanuni ni fupi. Nabadilishana kadi mbili, nawauliza walimu nani analalamika, nahesabu mikono. Ikipungua, kadi zinabaki. Ikiongezeka, narudisha. Basi! Kupanda tu, kushuka mwiko.

Tulianza na mikono kumi na tisa kati ya walimu ishirini na wanne. Mapumziko yanakwisha, kumi na mmoja. Haba na haba! Jiografia yeye, kwenye ubao wake, kabadilisha kadi, mikono ikaongezeka kutoka kumi na minane hadi ishirini na miwili, na kaziacha vilevile! Nikamuuliza kama ni mzima. Akasema kilima alichokuwa anapanda kimeonekana kifupi, kwa hiyo anashuka akatafute kirefu. Siku za mwanzo atashuka sana, baadaye kidogo, mwisho hatashuka kabisa. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumatano, 10 Januari

Mikono minane! Nimemwomba mke wangu, fundi cherehani, anishonee pazia la ofisini. Kauliza upana wa dirisha. Nimemwambia ni pana, ashone tu.

Alhamisi, 11 Januari

Minane. Nimebadilisha kadi mara thelathini na mbili, na kila nikigusa mikono inaongezeka. Nikimtoa Bi Kemia kipindi cha mwisho, kipindi cha adhuhuri kinamwangukia Filimbi, mwalimu wa michezo, anayesema hawezi kukimbiza watoto jua la utosi. Nikimhamisha Filimbi, Bi Kemia anakosa maabara. Sina pa kukanyaga palipo juu zaidi. Basi hapa ndipo kileleni, hakuna ratiba bora kuliko hii duniani!

Ila Jiografia ana sita. Sijui kapitia wapi. Kaniambia kwa upole kwamba hata aliyesimama juu ya kichuguu, pande zote anaona mteremko. Nimemjibu kwamba aliye juu mngoje chini. Kauliza kama nimebeba kiti cha kungojea.

Ijumaa, 12 Januari

Akili ni nywele, na leo zangu zimesimama. Kuhesabu mikono kunahitaji mikono mitupu, sivyo? Kabla ya hesabu nimewapa walimu wote chai kwa gharama yangu. Mkono wa kulia kikombe cha moto, wa kushoto kipande kinene cha mkate. Wamenisifu kwa ukarimu. Ndipo nikauliza nani analalamika.

Hakuna mkono hata mmoja! Mwalimu Mkuu kashika kalamu aandike sifuri. Hapo Filimbi, mdomo umejaa mkate, kanyanyua mguu. Bi Kemia akafuata. Miguu kumi na saba! Hata walioridhika jana walinyanyua, kwa raha tu ya kunyanyua. Mwalimu Mkuu kaamua kwamba mguu ni halali.

Nikarudi kinyumenyume na sinia langu, nikagonga ubao. Ubao chini! Kadi mia mbili sakafuni, nyingine ndani ya vikombe. Chumba kizima kiliangua kicheko, na mimi, niseme ukweli, nilicheka pia, maana mguu wa Bi Kemia ulikuwa bado uko hewani. Nimezitundika kadi hovyohovyo, bila kuangalia. Mikono ishirini na mitatu. Mwalimu wa ishirini na nne alikuwa ametoka kufua shati.

Jumamosi, 13 Januari

Pazia limekwisha. La maua ya manjano. Nimelitazama nikasikia uchungu kabisa. Nalitaka lile dirisha! Mke wangu kasema gauni likikataa kukaa mwilini, yeye hufumua lote akaanza upya. Nimemwambia ratiba si gauni. Kaniuliza nina mikono mingapi sasa. Nikaenda kumwagilia maua.

Jumatatu, 15 Januari

Maajabu! Nimeanza pale pale kwenye fujo, kwa kanuni ileile. Ishirini na mitatu, kumi na minne, tisa, mitano. Bi Kemia kaangukia asubuhi, maabara tupu, anaimba. Filimbi kapata upepo wa alasiri. Mapumziko ya mwisho: miwili! Sijui kadi hizi zilikuwa zinangoja nini wiki nzima.

Jumanne, 16 Januari

Hesabu rasmi. Jiografia, mikono mitatu. Mimi, miwili! Na mmoja kati ya hiyo ni wa Jiografia mwenyewe! Filimbi kanibeba mabegani, nikagonga kichwa kwenye taa, sikusikia maumivu. Jiografia kanipongeza kwa moyo mweupe, ila kasema nishukuru sinia, ndilo lililonishusha kwenye kichuguu. Wivu! Nimeshinda kwa kanuni: kupanda tu.

Jumatano, 17 Januari

Nimehamia. Meza, kiti, kabati la mafaili. Nimevipanga kwa kanuni. Nasukuma kitu hatua moja. Mwanga wa mezani ukiongezeka, kinabaki. Ukipungua, nakirudisha. Saa nzima ya kusukuma, na sasa mwanga ni raha tupu. Pazia linacheza na upepo. Hakuna anayenigonga kiwiko. Nina furaha isiyo na kifani!

Kasoro ndogo: kabati limeishia mlangoni, na mlango unafungukia ndani. Ili kabati lisogee, sharti kwanza meza irudi gizani. Nimejaribu hatua moja. Mwanga ukapungua. Nimeirudisha.

Jiografia kaja dirishani na chai, kaipitisha kati ya nondo. Kanishauri nirudishe vitu nyuma kidogo, mlango ufunguke, kisha nipange upya. Nimemwambia ofisi hii sikuipata kwa kurudi nyuma. Kauliza nitatokaje. Nimemwambia asichanganye mambo.

Kengele ya kwenda nyumbani imelia kitambo. Nimemtuma kwa mke wangu alete chakula cha jioni, na kisiwe na mchuzi. Sahani inapita kwenye nondo ikisimamishwa wima tu.